Siku nane nyuma ya Karani: Dar hadi Urambo, Septemba 2024

Nimerudi Dar wiki ya tatu sasa na vumbi la Urambo bado linatoka kwenye zipu za begi. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye picha za simu (mia nne na ushee, nyingi ni za vichaka), karatasi nilizoandikia garini, na daftari la mjomba, ambalo alinikabidhi kwa sharti moja: nisilisome nikila.

Karani ni pongo. Kwa ambaye hajawahi kumwona, pongo ni swala wa vichakani, kimo cha mbuzi mkubwa, ana madoa meupe mbavuni kama aliyerushiwa chokaa. Jike ni mwekundu. Dume huanza na wekundu huohuo, kisha kadiri anavyozeeka anaiva kuelekea weusi. Hatembei kwa makundi wala hahami kama nyumbu. Anakaa peke yake kwenye kipande chake kidogo cha kichaka karibu na maji, miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana mtu anaweza kumjua pongo mmoja kwa sura. Huyu pembe yake ya kushoto haikusimama kama ya wenzake, imelala juu ya sikio. Mjomba alipomwona mara ya kwanza akasema anafanana na karani wa mzani wa tumbaku aliyechomeka kalamu sikioni, na jina likakaa.

Mjomba amemfuata tangu 2018. Mwaka huu aliniambia magoti yamegoma, ni msimu wake wa mwisho wa kuwinda, kwa hiyo kama nataka kuja nije. Nikaomba likizo.

Siku ya 1, Jumamosi 14 Septemba. Dar – Dodoma

Treni ya SGR, daraja la kawaida, 31,000. Kiti safi, baridi kali. Chukueni kitenge au sweta, wala msidanganywe na jua la Dar. Mizigo inapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege, kwa hiyo fika mapema, na kisu cha kambi kiache nyumbani.

Mjomba alipiga simu mara tatu njiani. Alikuwa stesheni masta kwenye reli ya kati, ile ya zamani iliyofika Tabora mwaka 1912, na alichotaka kujua hakikuwa afya yangu.

"Morogoro mmeingia saa ngapi?"

"Sikuangalia, mjomba."

"Aa, mama! Umepanda treni au umebebwa?"

Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Faida yake ni kwamba hanifokei. Hasara yake ni kwamba nikikosea ananitazama kama mtoto aliyevunjwa moyo na mzazi.

Nililala gesti karibu na stendi ya Nanenane, 25,000, maji ya moto kwa ndoo.

Siku ya 2, Jumapili 15 Septemba. Dodoma – Tabora

Basi liliandikwa saa kumi na mbili asubuhi, likaondoka saa mbili kasorobo. Nauli 32,000. Manyoni tulipita bila kusimama, Itigi tulisimama sana. Baada ya Itigi kuna vile vichaka maarufu, vimeshikana kiasi kwamba ukitazama dirishani hujui kama umeona kilomita kumi au kichaka kimoja mara elfu. Njia yote sasa ni lami. Waliosafiri huku zamani kidogo watawaambieni ilivyokuwa masika.

Tairi lilipasuka mbele ya Itigi, porini kabisa. Saa moja na nusu juani. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka mjukuu kliniki Tabora alifungua kikapu akatoa matobolwa, yale matobolwa ya viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, akanigawia nusu bila kuniuliza natoka wapi. Nilipotaka kumpa elfu mbili akaificha mikono yote miwili ndani ya khanga. Nikampa mtoto biskuti tukawa tumelipana.

Tabora niliingia jioni. Mjomba alikuwa stendi na saa yake ya mkononi ameishika kwa vidole viwili.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mmechelewa saa mbili na dakika kumi."

Siku ya 3, Jumatatu 16 Septemba. Tabora, tumekwama

Mpango ulikuwa kwenda ofisi ya wanyamapori asubuhi kwa ajili ya leseni, kumchukua askari wao, na kulala kambini. Tulisahau kitu kimoja: ilikuwa Maulidi. Ofisi zimefungwa. Kosa letu wenyewe. Kalenda ilikuwa ukutani, na mjomba ndiye aliyeitundika.

Nilikaa barazani chini ya mwembe na daftari. Ni daftari gumu lenye mistari myekundu, na kaliandika lote kwa mtindo wa reli, saa za tarakimu nne, hakuna neno la ziada. Nanukuu machache, kwa ruhusa yake:

*6/10/2018. 17.50. Dume 1, bado jekundu mgongoni. Pembe ya kushoto imelala. Kasimama dk 2. Sina bunduki, nina ndoo ya asali.*

*2019. Kaonekana mara 1. Mbali.*

*22/8/2021. 06.55. Hatua 40. Risasi imegoma. Kaondoka bila haraka.*

*2022. Siku 5. Nyayo tu.*

*11/9/2023. 18.10. Kabweka mara 3. Sijamwona. Yeye kaniona.*

Hilo la kubweka si mzaha. Pongo akishtuka hubweka kama mbwa, sauti kavu, moja moja. Mgeni akiisikia usiku anadhani kuna kijiji karibu.

Mwaka 2019 una mstari mmoja tu, lakini ndio mwaka mkubwa katika habari hii. Ndio mwaka Pori la Akiba la Ugalla lilipopandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, leseni yoyote uliyo nayo. Mahali anapoishi Karani pana kijito, nacho huku kwetu ndicho mpaka. Upande mmoja eneo la wazi, upande wa pili hifadhi. Na mnyama, kwa maelezo ya mjomba, aliuelewa mpaka kuliko wanakijiji. "Analala serikalini, anakula uraiani," alisema. "Mwite jina gani kama si Karani?"

Jambo jingine nililolijua siku hiyo: mke wa mjomba kwao hawali pongo. Si kwamba hawapendi, ni mwiko wa ukoo. Nyama haiingii jikoni, ngozi haitandikwi, hata sufuria iliyopikiwa pongo hairudi ndani. Alikuwa anachambua mchele wakati ananieleza, hakuinua macho. "Miaka sita mume wangu anawinda kitu ambacho hakitavuka kizingiti hiki. Nikimuuliza akikipata atakipeleka wapi, anasema tutaona."

Siku ya 4, Jumanne 17 Septemba. Tabora – Urambo – kambini

Ofisini ilichukua muda wa kawaida wa ofisini. Leseni ni ya dume mmoja, jina la mnyama limeandikwa, siku zimeandikwa, na mnaambatana na askari wa wanyamapori mwanzo mwisho. Bunduki nayo ina kitabu chake. Ya mjomba ni .30-06 ya zamani, kitako kimefungwa waya wa shaba pale kilipopasuka, na alikuwa na risasi tano. Tano tu. Nilidhani ni umaskini, kumbe ni tabia.

Kwa watakaotaka kujaribu: msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai. Hakuna kupiga usiku, hakuna kupiga ukiwa ndani ya gari. Ada na maeneo yaliyo wazi hubadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya wanyamapori ya wilaya kabla hamjafunga safari, msitegemee mtu kama mimi. Na Wakenya mnaosoma hapa, najua kwenu ilishafungwa tangu 1977. Njooni na kamera, pongo hajali.

Tabora hadi Urambo ni lami, gari dogo la abiria 5,000. Tulikula mjini: ugali, kambale wa moshi aliyeungwa karanga, mlenda pembeni, 4,000 kwa sahani na nyongeza ya ugali bure. Urambo ni mji wa Mtemi Mirambo, jina lake ndilo hilo limekaa kwenye ramani. Pia ni moja ya sehemu tatu ambazo Waingereza walileta mpango wao wa karanga mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea, mpango ulioanguka vibaya sana. Mjomba akaonyesha sahani yangu kwa kijiko: "Sisi tunazipata."

Kutoka hapo ni pikapu ya kukodi, 120,000 kwenda tu, na vumbi. Njiani kuna mabani ya kukaushia tumbaku, na pembeni ya kila bani rundo la magogo lenye urefu wa nyumba. Ukishahesabu marundo ishirini unaacha kuhesabu. Katika korongo lenye mchanga pikapu ilizama mpaka ekseli. Dereva akachimba, askari akakata matawi, mimi nikashika jembe kwa ajili ya picha. Akatokea mkulima na trekta lenye tela tupu, akatuvuta, akakataa pesa, akaomba tu tumsalimie mrina asali tutakayemkuta mbele, "mwambieni ile ng'ombe imezaa."

Kambi ni turubai chini ya mninga, karibu na mizinga ya mjomba. Mrina asali alikuwa ameshawasha moto. Mzee mwembamba, mkono mmoja una makovu ya nyuki mpaka kwenye kiwiko. Nilipiga goti kumsalimia, "Mwadila," Kinyamwezi changu chote kikaishia hapo, na kwa hicho kimoja nikapewa asali kwenye kifuniko cha ndoo na michembe, viazi vilivyokatwa vikakaushwa, ya kuchovya. Habari ya ng'ombe ilimfurahisha mno.

Sasa mbung'o. Nisikilizeni kwa makini: msivae nguo nyeusi wala za buluu. Wanazipenda rangi hizo kuliko damu yenyewe. Mimi nilikuja na suruali ya jinzi. Kufika saa kumi jioni mapaja yalikuwa yamevimba kama mandazi, na askari, kijana mpole wa Iringa, alinipa suruali yake ya akiba ya kaki bila kucheka. Akacheka baadaye. Malale bado yapo ukanda huu. Ukirudi nyumbani ukapata homa, mwambie daktari wazi kwamba uliumwa na mbung'o porini, usiseme malaria tu ukaondoka na dawa.

Siku ya 5, Jumatano 18 Septemba

Mjomba alituamsha saa kumi na nusu. Mwezi mpevu ulikuwa magharibi na pori lote limekuwa la rangi ya majivu. Alinung'unika: mwezi ukiwa hivi pongo anakula usiku kucha, alfajiri ameshiba, anajilaza mapema.

Tulitembea kwa mstari mmoja. Askari mbele, mjomba, mimi, mrina asali nyuma akiwa na panga na kopo la chai. Saa kumi na moja na nusu hivi mrina asali alinigusa bega akaonyesha juu. Mwezi ulikuwa unaliwa. Kipande kidogo tu upande wa kulia, kama mtu aliyeng'ata chapati akabadili mawazo. Hatukuwa tumesikia habari yoyote ya kupatwa. Mtandao uliishia kwenye korongo la mchanga. Tukasimama wote wanne tukitazama. Mjomba akatoa daftari akaandika kwa mwanga wa simu: *05.44, mwezi una pengo.* Halafu akasema tutembee, pengo si letu.

Karani anakula chini ya mkuyu mmoja mkubwa kwenye ukingo wa kijito. Nyani wanapanda juu asubuhi, wanachuma kuyu, wanang'ata nusu, wanatupa nusu, na pongo yuko chini anaokota. Ni mpango mzuri kwa Karani. Kwa mwindaji ni msiba, maana sasa una macho thelathini juu ya mti yanayokulinda wewe usimkaribie yeye.

Tulilala kifudifudi hatua mia moja hivi kutoka kwenye mkuyu. Jua lilichomoza saa moja kasorobo. Nyani wakaja, kuyu zikaanza kudondoka, na hakuna kitu chini. Nusu saa. Mbung'o shingoni, huruhusiwi kumpiga. Kisha mjomba, bila kugeuka, akaonyesha kwa kidevu, si pale nilipokuwa natazama, upande wa kushoto kabisa.

Alikuwa amesimama ng'ambo. Kijito Septemba ni madimbwi na mchanga, mtu anaruka. Yeye alikuwa mita chache tu nyuma ya kigingi cheupe cha mpaka, mweusi kabisa, amenenepa shingo, na pembe ile imelala sikioni kama nilivyoambiwa. Nilikuwa nimejiandaa kuona mnyama mkubwa. Hakuwa mkubwa. Alikuwa ametulia tu.

Mjomba hakuinua bunduki. Askari alimtazama mjomba, kisha kigingi, kisha akanong'ona, "Huko ni kwa wenzangu, mzee."

"Najua ni kwa nani."

Karani alitafuna kitu, akageuka, akaingia kichakani kwa mwendo wa mtu anayerudi ofisini baada ya chai.

Picha niliyopiga ni kijani tupu. Nimeikuza mara nyingi. Kuna doa moja jeupe ambalo linaweza kuwa yeye, au jani.

Siku ya 6, Alhamisi 19 Septemba

Hakuna kitu. Upepo ulikuwa nyuma yetu asubuhi, mjomba akakataa hata kutoka. Tulishinda tukifungua mizinga miwili; nimeumwa mara nne, mrina asali anasema hiyo ni salamu. Ninachokumbuka ni mlembe, yule ndege anayeita watu kwenye asali, akituzunguka na kelele zake huku asali tayari iko kwenye ndoo. Mrina asali alimwachia kipande cha sega juu ya gogo. Alisema zamani wakati ule bado ni pori la akiba walikuwa wanavuka na kibali msimu wa kiangazi, mizinga yake kumi na saba ilikuwa ng'ambo. Aliitaja mizinga hiyo mmoja mmoja, kwa mti uliobeba kila mmoja.

Siku ya 7, Ijumaa 20 Septemba

Tulitoka mapema zaidi, tukazunguka ili upepo utupige usoni. Mjomba aligoma kulala kifudifudi, magoti. Alikaa nyuma ya kichuguu, fimbo ya kuegemezea bunduki imechomekwa mbele yake, mimi nimejibanza kushoto kwake karibu kiasi kwamba nilisikia tumbo lake likidai chai.

Saa moja kasoro dakika chache nyani walikuwa juu. Saa moja kasoro dakika mbili Karani alikuwa chini yao. Sikumwona akifika. Nilitazama kwenye kivuli cha mkuyu, hakuna kitu, nikapepesa, yupo. Upande wetu. Kigingi kilikuwa nyuma yake, mchanga wa kijito nyuma yake. Hatua sitini, mjomba alizipima baadaye kwa miguu. Aliinama, akaokota kuyu, akainua kichwa akitafuna, na pembe ile ikatingishika pamoja na sikio.

Nilimtazama mjomba. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Kidole chake kilikuwa nje ya kifyatulio, halafu ndani.

Mlio ulinigonga masikio yote mawili. Nyani walimwagika kutoka mtini kama embe kwenye dhoruba, wakipiga kelele, na nilipopata tena macho yangu chini ya mkuyu palikuwa na kuyu tu.

Hakuna aliyesimama. Hii ni sheria, na wanaokwenda na wawindaji wanaojua kazi wataiona: baada ya risasi mnasubiri. Ukimkimbilia pongo aliyejeruhiwa unamsukuma mbali, au anakugeuzia zile pembe kichakani. Mbwa wengi wamemalizwa hivyo. Tulikaa nusu saa kwa saa ya mjomba. Hakusema neno. Alitoa ganda la risasi, akalinusa, akaliweka mfukoni.

Kisha tukaenda kutafuta damu.

Sijui niwaelezeje Septemba ya miombo kwa ambaye hajaiona. Mvua haijanyesha hata tone, ardhi imeungua, na miti inatoa majani mapya, na majani hayo ni mekundu. Mekundu ya shaba, ya divai, ya nyama mbichi. Miti yote ya mtundu ilikuwa imewaka. Majani machanga yamedondoka kila mahali, yana unyevu, yanang'aa. Tulipiga magoti wanne, bega kwa bega, tukawa tunageuza jani moja moja. Nililipata tone la damu mara ishirini. Kila mara mrina asali aliligusa kwa kidole kilicholowa mate, akalisugua, akasema, "Jani."

Saa mbili nzima. Mjomba na magoti yake mabovu alitambaa kuliko sisi sote. Tulifuata nyayo mpaka mchangani, kwato zimechimba kwa nguvu, zimevuka kijito kwa mruko mmoja, na upande wa pili zimepita karibu na kigingi. Askari akasimama hapo. Akavuka peke yake, akaenda kama hatua hamsini ameinama, akarudi. Hakuna damu. Hatua ni sawa, miguu yote minne inakanyaga.

Risasi tuliipata kwa sababu ya mrina asali. Alirudi kwenye mkuyu, akasimama alipokuwa amesimama Karani, akaangalia nyuma. Kulikuwa na kijiti cha unene wa penseli kimekatika kwenye kichaka, na mbele yake, kwenye shina la mtundu, tundu jipya linatoa utomvu. Chini ya hapo, juu ya majivu ya moto wa mwezi uliopita, palikuwa na manyoya. Labda thelathini. Marefu, ya mgongoni, yale anayoyasimamisha akikasirika. Yamenyolewa kwa wembe.

"Juu," alisema mjomba. Aliyachukua moja moja kwa kucha. "Nimepiga juu. Kwa kidole kimoja."

Akamwaga njiti za kiberiti mfukoni, akayaweka manyoya kwenye boksi, akalifunga. Askari alijaza fomu akiwa ameegemea mti: risasi zilizotumika moja, mnyama hakuna. Mjomba akasaini kwa mwandiko mzuri sana.

Jioni, tunakula ugali na uyoga mkavu wa mrina asali, kutoka ng'ambo ikasikika ile sauti kavu ya kubweka. Mara moja. Kimya kirefu. Mara ya pili. Hakuna aliyetoa maoni. Mjomba alisogea karibu na moto na daftari. Najua alichoandika kwa sababu daftari liko mbele yangu sasa:

*20/9/2024. 06.58. Hatua 60. Kaondoka kwa wakati.*

Siku ya 8, Jumamosi 21 Septemba. Kurudi Tabora

Pikapu ilikuja saa tatu kama ilivyoahidi, jambo lililomshangaza kila mtu hata dereva. Mrina asali alitupa lita tano za asali, nikamlipa kwa kumwachia tochi na suruali yangu ya jinzi, ambayo alisema ataitumia kama mtego wa mbung'o. Kwa anayetaka kununua asali huku: chukua dumu lako mwenyewe lenye mfuniko wa kukaza, na basini lishike mapajani. Usiliweke buti. Niliyajua haya kabla, bado nikaliweka buti.

Hesabu yangu yote kwa siku nane, nauli, kulala, chakula, nusu ya pikapu na posho, bila leseni ambayo ni ya mjomba, ilifika 410,000 na chenji.

Tulifika Tabora giza limeingia. Mke wa mjomba alitutazama mikono, akaona hatuna mzigo wa damu, akasema karibuni kwa sauti ambayo sikuisikia tulipokuwa tunaondoka. Umeme ulikuwa umekatika. Mjomba alivua viatu, akaweka vitu vya mfukoni juu ya meza, ganda la risasi, saa, kiberiti, akaenda kuoga.

Shangazi, namuita hivyo, alikuwa anatafuta kiberiti cha kuwashia jiko. Niliona mkono wake unakwenda mezani na sikupata maneno kwa haraka. Alilisukuma boksi, akatikisa, na manyoya yakadondoka kiganjani mwake, mengine sakafuni.

"Nini hii?"

Mjomba alikuwa mlangoni, taulo begani, maji yanamchuruzika. Alinitazama mimi kwanza.

"Ya mbuzi," alisema.

Shangazi alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua fagio, akayafagia mpaka nje pamoja na maganda ya karanga. Kuku wawili waliokuwa bado hawajalala wakaja kuangalia. Mjomba naye akatoka, akasimama barazani na taulo lake, akawa anawatazama wakichakura.